Namna nilivyobadilisha bolti zilizoliwa na chumvi kwenye pikipiki yangu

Kwetu tunaobeba chumvi kutoka Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, kutu haisubiri pikipiki izeeke. Magunia hupakiwa yakiwa bado na unyevu, maji ya chumvi huchuruzika juu ya keria na madigadi la nyuma, kisha hufuata fremu hadi kwenye cheni na ubavu wa injini. Kwa kuwa chumvi huvuta unyevu uliomo hewani, chuma hakikauki vizuri hata pikipiki ikilala ndani ya nyumba. Anayetilia shaka ukali wa maji yale atazame magofu ya kiwanda cha chumvi yaliyo pale pale kando ya ziwa, mradi wa enzi za miaka ya 1970 ambao haukudumu kazini kwa sababu mabomba yake yaliliwa. Bolti ya milimita 6 yenye utando mwembamba wa zinki haiwezi kutarajiwa kufanya vizuri zaidi.

Pikipiki yangu ni Bajaj Boxer, kama zilivyo nyingi za boda boda nchini Uganda. Kabla ya kushika spana niliziosha bolti zote kwa maji baridi, nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazitazama moja moja. Palipokuwa na unga mweupe juu ya bolti nilielewa kwamba zinki ndiyo inayoliwa na chuma cha ndani bado ni kizima. Palipokuwa na kutu nyekundu, zinki ilikwisha kazi yake. Zilizonitia wasiwasi zaidi ni zile zilizoingia kwenye alumini, yaani za kava la injini, kwa sababu chuma na alumini vikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, na unga wake hufura ndani ya hesi, yaani mifereji inayozunguka bolti, hadi bolti ikakwama kabisa.

Dawa ya kulainisha niliichanganya mwenyewe: mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Viwili hivi havikai pamoja, hivyo chupa hutikiswa kila mara kabla ya kutumia, na mtu ajue kwamba asetoni huondoa rangi, hulainisha plastiki na hushika moto upesi. Nilidondoshea kidogo kwenye kila bolti jioni, nikarudia asubuhi. Dizeli nayo husaidia, ila huchukua muda mrefu zaidi kupenya. Wakati wa kufungua nilitumia spana ya boksi ya pembe sita, kwa kuwa ile ya pembe kumi na mbili hushika kona tu na kuzilainisha, na kila bolti niliikaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike kabla ya kuirudisha nyuma. Skrubu za kichwa cha msalaba zilihitaji bisibisi ya kupigwa na nyundo, ambayo huzunguka huku ikijisukuma ndani. Bisibisi ya kawaida hula kichwa, na baada ya hapo kazi inakuwa ya drili.

Zilizogoma kwenye alumini nilizipashia moto. Nililiondoa tangi na kulipeleka mbali, nikafuta dawa yote na kuacha sehemu ikauke, kisha nikaelekeza tochi ya gesi kwenye kava, si kwenye bolti, kwa muda mfupi na mbali na sili za mafuta. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na tofauti hiyo ndogo hutosha kulegeza hesi. Hata hivyo kuna bolti iliyokatika ikaacha kisiki. Fundi wa kuchomelea mjini Kasese aliweka nati juu ya kisiki hicho, akaichomelea kwa ndani, akaisubiri ipoe kidogo, kisha akaizungusha kwa spana ikatoka pamoja na kisiki chake. Betri ilikuwa imekwisha kutenganishwa, jambo ambalo halifai kusahauliwa pale panapotumika umeme wa kuchomelea. Kama ingeshindikana, ingebidi kutoboa kisiki na kukata hesi upya kwa tapu. Kwa bolti ya milimita 6 yenye hesi ya kawaida, shimo linalotangulia tapu ni la milimita 5.

Katika kuchagua bolti mpya ndipo nilipotofautiana na wenzangu wengi kijiweni, ambao huona kwamba stenlesi ndiyo jibu la kila kitu. Bolti ya kawaida iliyoandikwa 8.8 kichwani huvumilia mvuto wa megapaskali 800 (kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika, na huanza kuvutika bila kurudi karibu na 640. Stenlesi iliyoandikwa A2-70 hukatika kwenye 700, lakini huanza kuvutika kwenye 450 tu. Kwa hiyo ekseli, mikono ya breki, vishikio vya injini na vya usukani nimeviachia bolti za 8.8 zenye zinki, za urefu na hesi zile zile. Stenlesi niliiweka kwenye madigadi, taa, kisanduku cha betri, kinga ya cheni na kava za pembeni. Panapopatikana stenlesi ya aina ya A4 ni bora zaidi, maana ina molibdeni inayoisaidia kuhimili chumvi. A2 ikikaa katika chumvi huweza kupata madoa na vishimo, ijapokuwa inaitwa chuma kisichoshika kutu. Nilizipata Kampala, kwa wauza vipuri wa soko la Kisekka.

Kwa maoni yangu, grisi iliyomo ndani ya hesi huamua zaidi ya aina ya bolti. Stenlesi kavu ndani ya alumini, katika mazingira yetu, hukwama kama ilivyokwama ile ya zamani, na nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi huweza kung'ang'aniana hata ikiwa mpya, hasa ikifungwa kwa haraka. Nilipaka grisi kwenye hesi na chini ya kichwa, nikazungusha kwa mkono polepole. Lakini grisi hupunguza msuguano, na nguvu ile ile ya spana huivuta bolti zaidi. Bolti ya milimita 6 ambayo kavu ingekazwa kwa Nm 10 hivi (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), mimi niliishia kwenye Nm 8. Kwenye ekzosi grisi ya kawaida huungua, hivyo hapo hutumika grisi ya shaba.

Bolti za zamani zilizokuwa bado na umbo zuri niliziloweka kwenye siki, nikaziosha kwa maji ya magadi ili kuua asidi, nikazikausha na kuzipaka rangi ya zinki. Zenye alama ya 10.9 au 12.9 haziingizwi kwenye siki, kwani asidi huweza kukifanya chuma kigumu namna hiyo kikatike ghafla.

Siku hizi hutandika turubai chini ya magunia na kulikunja pembeni ili maji yadondokee nyuma ya taa, kwa sababu kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hutoboka safari ya kwanza. Jioni ya siku ya mzigo pikipiki huoshwa kwa maji mengi yasiyo na presha kali, ikishakauka hupakwa mafuta mepesi kwenye vichwa vya bolti. Oili chafu, ambayo vijana wengi huipaka chini yote, mimi siitumii: hushika vumbi la murramu na hutiririkia breki.

Stadi za ekzosi, yaani bolti zisizo na kichwa zinazoshikilia bomba la moshi, bado ni zile za zamani. Zimeingia ndani ya kichwa cha silinda, na zikikatika gharama yake ni kubwa kuliko bolti zote nilizonunua, hivyo nimezinyunyizia dawa na kuziacha hadi kichwa kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine.