Skima yangu ilikuwa lumbesa

Juzi niko Mwanjelwa nasubiri bajaji, mvua ya Mbeya mnaijua wenyewe, simu ikaita. Ni jamaa niliyemtengenezea mfumo wa kupokea mizigo ya parachichi kutoka Tukuyu, ananiambia kaka msimu huu tunanunua na viazi, si utaongeza tu? Nikajibu hamna shida, nimeshakata simu ndo nakumbuka ile skima ya XML, yaani faili la kanuni za data inavyotakiwa kupangwa, ilivyo.

Ilikuwa lumbesa kabisa. Faili moja, nimeshindilia mkulima, uzito, dereva, daraja la Hass (aina ya parachichi), ukubwa wa tunda, vyote vimeshikana, sasa viazi na Hass wapi na wapi.

Nikajaribu njia ya mkato, nikachomeka xs:any ya kupokea chochote baada ya elementi (kipengele cha data) ya maoni ambayo sio ya lazima. Validata, ile programu ya kukagua data kwa skima, ikagoma hata data haijaingia! Kumbe XSD, lugha niliyoandikia skima, toleo la 1.0 la 2001, inataka kila elementi ijulikane inaangukia wapi palepale, bila kuchungulia mbele, sasa "maoni" ikija ni ile maoni yenyewe au imeingilia dirisha la any? Toleo la 1.1 la 2012 lililegeza hapo ila programu ya jamaa ni ya kizamani. Ukiandika ##other kwenye ile any inapita, maana wageni lazima waje na nemspesi yao, yaani jina la ukoo tofauti na langu, lakini ukiongeza na lax (ukaguzi uliolegezwa) basi chochote kisicho na maelezo kinaingia bila kukaguliwa, mi hiyo siipendi.

Usiku nikabomoa yote nikaandika upya kwa RELAX NG, lugha nyingine ya skima, ile ya James Clark na Murata Makoto. Faili la msingi lina mkulima, uzito na dereva basi, halafu nikaacha nafasi yenye jina:

mzigo.aina = notAllowed

Yaani mlango upo ila umefungwa. Faili la parachichi linakuja na lake, hiyo |= inaongeza chaguo kwenye nafasi ileile:

mzigo.aina |= parachichi

Viazi hivyohivyo, kila zao na faili lake, la juu kabisa linayaita yote kwa include. Zao likitoka unafuta mstari mmoja, msingi hauguswi. Na kwa vile jamaa anataka XSD, programu ya Trang inageuza, japo kilichotoka ikabidi nikikague kwa macho.

Viazi vimekula mistari 11. Leo asubuhi jamaa kapiga tena, anauliza na pareto je.