Kibuyu cha mama na vidonge vyangu

Masika ya mwaka jana niliishi kwa chai ya rangi na andazi. Nauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nashinda juu ya magunia ya chakula, na chakula chenyewe hakipiti kooni. Saa kumi alfajiri niko macho, tumbo limejaa gesi, choo siku ya nne sijapata. Majirani wakasema nina mawazo.

Daktari alisema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Akanipa vidonge, akanipeleka kwa mshauri, kisha akauliza, "Dada, na choo unapataje?" Nikaona aibu. Nimekuja kwa ajili ya kichwa, yeye anauliza habari za utumbo!

Akanieleza kuna neva ndefu, vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, na habari zinazopanda kutoka tumboni ni nyingi kuliko zinazoshuka. Serotonini, kemikali inayotajwa sana kwenye sonona, takribani asilimia 90 hutengenezwa kwenye utumbo. Ila hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo anayekuuzia kopo la unga eti litakujaza furaha kichwani, mkimbie. Nakuomba kabisa.

Australia walitoa utafiti mwaka 2017: watu 67 wenye sonona, wiki 12. Kundi moja walisaidiwa kubadili mlo: mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki. Wenzao walipata mtu wa kuzungumza naye tu. Karibu theluthi ya kundi la mlo walitoka kwenye sonona. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 8. Ni utafiti mdogo, na wengi wao walikuwa kwenye tiba nyingine pia. Lakini ulinipa moyo wa kuwasha jiko.

Mama akaja kutoka Magu na kibuyu cha mtindi. Alikitikisa mapajani taratibu, sikio karibu na mdomo wa kibuyu, mpaka mlio ukabadilika, ukawa mzito. "Kunywa, mwanangu. Kikombe kimoja tu." Siku ya kwanza nilimaliza nusu. Akapika choroko, mgagani, dagaa wangu mwenyewe, aliowachambua mchanga mmoja mmoja.

Choo kilitengemaa kwanza. Usingizi ukafuata. Moyo ulichelewa sana, kama miezi miwili, na sijui niushukuru mkono upi: wa mama, wa mshauri au wa daktari.

Vidonge bado nameza. Saa mbili usiku, nikishakula.