Nilivyopata kiatu cha kufungua na kufunga

Kilichonianzisha ni buti la mtumba. Nililinunua soko la Kongowea, Mombasa: ngozi nene, mshono safi, halijachunika popote, nikajiona nimeokota. Siku ya tatu nashuka feri upande wa Likoni, naona watu wananitazama miguu. Kugeuka, nyuma yangu nimeacha njia ya makombo meusi. Soli inamomonyoka yenyewe kama mkate mkavu. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliibinya kwa kidole gumba, akacheka.

"Hili halikufa kwa kutembea, bwana. Limekufa kwa kukaa."

Alisema kweli. Soli za aina ile huwa za poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Miaka iliyokaa huko kilikotoka, halafu joto na jasho la Mombasa, ikawa basi. Kilichoniuma ni kwamba juu palikuwa pazima kabisa. Nilitupa ngozi ya miaka kumi kwa ajili ya soli iliyogandishwa kwa gundi, kwa sababu kuibandua kungeichana ngozi yenyewe.

Mimi nimekulia kwenye ngozi. Ami yangu alikuwa akishona makubadhi Mji wa Kale, na mimi nilishika msharasi kabla sijajua kuandika vizuri. Nikarudi nyumbani nikijiuliza: kiatu ambacho kila kipande chake chatoka na kurudi, bila gundi, kingekuwaje?

Jibu la kwanza lilikuwa mlangoni, nikalipita mara mia. Kandambili. Gidamu ikichomoka, mtu hupitisha pini au msumari chini, akaendelea na safari yake. Ikikatika kabisa, hununua kanda peke yake na kuisokomeza kwenye matundu yaleyale. Hicho ndicho kiatu cha vipande, na tumekivaa maisha yetu yote tukakidharau.

Lakini nilitaka kitu kigumu zaidi, cha kazi. Nikaanza vibaya. Nilifunga soli ya tairi kwenye wayo wa ngozi, yaani kipande kinachokanyagwa na mguu, kwa skrubu na nati, sita kila mguu. Kwa macho kilipendeza. Nikakivaa mwenyewe wiki mbili, nikipanda na kushuka feri, pale penye maji ya chumvi. Skrubu zikashika kutu, na nilipotaka kuzifungua vichwa vikalika, bisibisi ikawa yazunguka bure. Hata kabla ya kutu, nati moja ilikuwa inanichoma chini ya kisigino kila hatua. Shaba haili kutu hivyo, lakini kwa bei yake kiatu kingekuwa cha bwana harusi. Nikajaribu velkro kwenye kanda. Mchanga wa ufukweni ukaingia katikati ya vinywele vyake, ikaacha kushika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa natafuta mahali pabaya. Nilihangaika na vipande, kumbe ugonjwa uko kwenye maungio. Tairi halichoki, ngozi ikipakwa mafuta haichoki. Panapochoka ni pale kitu kinaposhikana na kingine.

Nikaacha chuma kabisa. Kanda nikazifanya ukanda mmoja mrefu kila mguu, unaopita kwenye mianya iliyotobolewa kwa patasi pembeni mwa wayo, ukazunguka chini na kurudi juu, mwisho ukabanwa kwa fundo lililojificha kwenye kidimbwi nilichochimba ndani ya wayo. Fundo hili ukilivuta kwa koleo linatoka. Soli nayo nikaishona badala ya kuibandika, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na uzi huo ukalazwa ndani ya mfuo niliouchonga chini ili usiguse ardhi. Soli ikiisha, unakata uzi kwa wembe, unaiondoa, unashona nyingine kwa matundu yaleyale. Kwangu ni kazi ya nusu saa. Si jambo geni duniani: viatu vya ngozi vya bei kubwa vinavyoshonwa kwa ukanda wa pembeni hubadilishwa soli namna hiyo tangu karne ya 19.

Tairi nalo lina adabu yake. Usichukue lenye waya wa chuma ndani. Litakula kisu chako, na baadaye waya utachungulia ukamchome mteja. La nyuzi za nailoni ndilo.

Halafu nikaingia kwenye jambo lililonipa raha kuliko yote, nalo ni kutazama viatu vichakavu. Niliwaomba majirani viatu vyao vya kutupa, nikavipanga barazani chini juu. Wengi walikuwa wamekula kisigino upande wa nje. Vizuri, nikasema, kisigino kitakuwa kipande chake peke yake. Nikakikata kwa mshazari, si kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mstari ulionyooka hukwama kwenye ukingo wa ngazi. Na sikuthubutu kuweka kiungo pale vidole vinapokunjika. Ukiweka hapo mshono utakufa kabla ya soli.

Upande wa namba nilijirahisishia. Katika vipimo tulivyozoea, vile vya Ulaya, namba moja na inayofuata hupishana takriban milimita 6.7 kwa urefu. Kwa kisigino tofauti hiyo ni ndogo mno, basi kuanzia 38 hadi 44 nina visigino vya saizi tatu tu. Bila hivyo ningejaza nyumba vipande.

Jozi ya kwanza ya kuuza nilimpa hamali mmoja anayesukuma mkokoteni Marikiti, nikajigamba: kisigino kikiisha njoo. Baada ya miezi miwili akaja. Kisigino kizima kama siku ya kwanza. Mbele, pale kwenye ncha, pamebaki wembamba wa karatasi.

"Fundi, wewe umewahi kusukuma mkokoteni?"

Sijawahi. Anayesukuma gunia za viazi kwenye mwinuko hutembea kwa vidole, kisigino chake hakigusi lami. Ikabidi nitengeneze ncha nayo iwe kipande chake, fupi, iishie kabla ya mkunjo. Iliniumiza kichwa kuliko kisigino, maana mbele ndiko mguu unakojikwaa.

Bodaboda walinifundisha lingine. Gia hupandishwa kwa mguu wa kushoto, na chuma cha gia husugua kanda ya juu, upande huohuo siku zote. Sasa nauza kanda ya kushoto peke yake, nikaiongezea kipande cha ngozi pale inaposuguliwa. Wenzangu wa soko walinicheka, ati fundi anauza kiatu nusu. Wacha wacheke. Mwalimu mmoja wa madrasa huja kwa sababu nyingine kabisa: ana kanda za rangi tatu, na soli ile ile moja. Asema tangu awe na kanda nyekundu hakuna anayemkosea viatu mlangoni mwa msikiti.

Wanaorudi kununua vipande si wengi kama nilivyodhani. Baadhi huona kisigino kimeisha na kununua kandambili, kwa kuwa ni rahisi leo. Siwalaumu, wala sijui nifanye nini, isipokuwa niliacha kuuza jozi bila visigino viwili vya akiba ndani ya mfuko.

Cha watoto bado kinanishinda. Kanda naweza kuirefusha, lakini wayo haukui na mguu, na mama wa mtoto hataki kusikia habari za mshono. Nimechonga wayo wenye mianya ya mbele mitatu ili kanda isogezwe. Mtoto wa dadangu amekivaa siku nne, na jana alikirudisha kikiwa na kanda upande wa kisigino.