Tulivyoamua kati ya gari jipya na lililotumika

Mume wangu alitaka gari jipya, mimi nikaegemea lililotumika. Kila mmoja alikuwa na hoja za kweli, ndiyo maana mjadala haukuisha. Jipya lina dhamana ya kiwanda na halijapita mkononi mwa mtu. Lililotumika limeshashuka bei, na hasara hiyo kaibeba mwingine. Tulipoona tunazunguka palepale nilichukua daftari nikamwambia tuhesabu kwanza, tuvutane baadaye.

Tuliiweka kando bei ya kununulia, tukajiuliza gari litatugharimu kiasi gani tangu siku ya kulichukua hadi siku ya kuliuza. Hapo picha hubadilika sana. Gari jipya hushuka thamani kwa kasi mwanzoni. Kiasi hutegemea aina ya gari na soko, lakini makadirio yaliyozoeleka ni kama asilimia 20 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 15 hivi ya kinachobaki kila mwaka unaofuata. Niliifanya bei ya gari jipya kuwa 100 ili hesabu iwe nyepesi. Mwaka wa kwanza ukiisha imebaki 80, wa pili 68, wa tatu 58. Aliyelinunua jipya akaliuza wakati huo amepoteza 42. Anayelichukua kwa 58 na kukaa nalo miaka mitatu mingine ataliuza kwa kama 36, amepoteza 22 hivi. Miaka ni ileile mitatu barabarani, ila hasara ya pili ni kama nusu ya ile ya kwanza.

Si kwamba tofauti yote inabaki mfukoni. Matairi, breki, betri na shokomzoba huanza kudai zamu yao katika miaka hiyohiyo ambayo gari lipo kwa mmiliki wa pili, na dhamana ya kiwanda huenda imekwisha. Wakopeshaji nao mara nyingi hutoza riba ndogo zaidi kwa gari jipya. Niliyaandika yote hayo upande wa mume wangu wa daftari, maana hesabu inayopendelea upande mmoja haisaidii kitu.

Kilichonitia hofu zaidi ni mkopo mrefu wa gari jipya. Ukilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, deni hupungua polepole wakati thamani inaporomoka, na kwa muda mrefu unadaiwa zaidi ya bei ya gari lenyewe. Likiibwa au likigongwa lisitengenezeke, bima kubwa kwa kawaida hulipa thamani ya gari siku hiyo. Pengo linabaki lako, na gari huna.

Mume wangu alisoma hesabu yote kwa utulivu, kisha akasema jambo moja: "Umechukulia kwamba hilo gari la miaka mitatu ni zima."

Alikuwa amegusa penyewe. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliueleza mtego huu, na kazi yake kuhusu masoko ya aina hiyo ilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Muuzaji anajua hali ya gari lake, mnunuzi hajui. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analiondoa sokoni, na mabovu yanazidi kuwa mengi kati ya yanayobaki. Kwa maneno mengine, unafuu wa kwenye daftari langu ungekuwa wa kweli iwapo tu ningeweza kujua yale anayoyajua muuzaji.

Basi tukawekeana sharti. Tukipata lililotumika ambalo historia yake inasomeka, tunalichukua. Tukilikosa tunanunua jipya, hata kama ni dogo kuliko tulilolitamani. Tangu hapo hatukubishana tena, kwa sababu jibu lingetoka kwenye gari.

Gari la kwanza tulilolikagua kwa makini lilikuwa linang'aa kama sahani. Kilomita zilisoma chini ya 30,000 kwa gari la miaka minne, na muuzaji aliirudia namba hiyo kila baada ya sentensi mbili. Nilianza na matairi. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ndizo wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3521, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Matairi yote manne yalikuwa na tarehe za baada ya gari kutoka kiwandani, tena yalikwisha kulika. Yaani seti ya kwanza ilishaisha na ya pili iko njiani, ilhali seti moja ya kawaida hupita kilomita 30,000 bila shida. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelainika katikati, na ngozi ya usukani imechakaa pale mikono inaposhika.

Fundi niliyekwenda naye akachomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Hakukuwa na kosa lolote lililorekodiwa. Lakini gari la kisasa hujipima lenyewe mifumo yake ya kupunguza moshi mchafu wakati likiendeshwa, na vipimo vingi vilionyesha havijakamilika. Hilo hutokea betri ikichomolewa, au mtu akifuta makosa muda si mrefu kabla mnunuzi hajafika. "Dada, hili limesafishwa kwa ajili yako," fundi akaninong'oneza. Hatukuwa na haja ya kujua kilifichwa nini. Tukaaga.

Gari tulilolinunua lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa mmiliki wake wa kwanza. Halikuwa na mng'aro ule. Bampa lilikuwa na mkwaruzo, na aliuonyesha yeye kabla sijauliza. Kilichonivuta ni bahasha yake ya risiti: kila sevisi ilikuwa na tarehe, idadi ya kilomita na orodha ya vitu vilivyobadilishwa. Nilizipanga kwa mfuatano, kilomita zikapanda mwaka hadi mwaka bila kuruka wala kurudi nyuma. Nikalinganisha namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17, mahali ilipo chini ya kioo cha mbele, kwenye fremu ya mlango na kwenye kadi ya gari. Zilifanana zote. Hatua hii usiiruke hata kama muuzaji ni mtu wa heshima kiasi gani.

Nilikuwa nimemwomba kwa simu asiliwashe kabla hatujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi, ya baridi husema ukweli. Tulipoiwasha nilisimama nyuma kutazama moshi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua, mweusi ni mafuta kupita kiasi, na mweupe mzito usiokoma huenda maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini. Haukuonekana wowote. Fundi akakagua kifuniko cha oili kama kuna utando wa rangi ya maziwa, kisha akavuta mikanda ya usalama hadi mwisho wake. Gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko huoshwa viti na mazulia, lakini mstari wa tope hubaki kwenye sehemu ya mkanda inayojikunja ndani. Mikanda ilikuwa safi. Taa ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigongwa, iliwaka swichi ilipofunguliwa, kisha ikazimika, kama inavyotakiwa. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kuna mtu ameichomoa.

Jambo moja tu halikuwamo kwenye risiti: mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwenye injini nyingi zenye mkanda wa mpira, watengenezaji huagiza ubadilishwe karibu na kilomita 100,000 au baada ya miaka kadhaa, kimoja kitakachotangulia. Ukikatika gari likiwa mwendoni, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu na injini ikaharibika vibaya. Gari hili lilikuwa linakaribia muda huo.

"Mzee wangu, gari nimelipenda," nilimwambia, "ila mkanda itabidi niubadilishe mwezi huuhuu."

Alimwangalia fundi, fundi akatikisa kichwa kukubali. "Sawa, mwanangu. Toa gharama ya mkanda kwenye bei." Sikuomba punguzo jingine, kwani mtu aliyetunza gari namna ile alistahili bei yake.

Kuna hoja moja ya gari jipya ambayo bado naiheshimu sana, nayo ni usalama. Shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari Ulaya na kuyapa nyota hadi tano, lilitoa matokeo yake ya kwanza ya majaribio ya kugongesha magari mwaka 1997, na vigezo vyake vimekazwa mara nyingi tangu wakati huo. Nyota tano za gari la zamani si sawa na nyota tano za gari la leo. Kwa hiyo sikukubali kushuka chini ya gari lenye mfumo wa kudhibiti kuteleza na mifuko ya hewa ya pembeni, hata lipatikane kwa bei ya kutupa. Na kama hesabu yako ni kukaa na gari miaka kumi na zaidi, jipya linajitetea vizuri, maana ile hasara ya mwaka wa kwanza inagawanyika kwa miaka mingi. Sisi tulijijua kuwa familia yetu inakua na tungebadilisha mapema.

Wiki ya kwanza tulibadilisha mkanda pamoja na pampu ya maji inayozungushwa nao, oili, filta zote na mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu hewani na kwa magari mengi hushauriwa yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Tukafungua pia akaunti ya gari peke yake. Kila mwezi tunaweka humo sehemu ya fedha ambazo zingekwenda kwenye mkopo wa gari jipya, na hatuzigusi kwa jambo jingine. Hadi sasa zimelipia betri na pedi za breki za mbele. Fundi amesema shokomzoba za nyuma zinafuata, na fedha zake zimeshafika.