Kifaru Changu Hakikuwa na Tatizo la Antena

Ninaandika haya kwa hasira kidogo na majivuno mengi, kwa sababu kila fundi niliyemwonyesha kifaru changu cha rimoti, yaani mdoli wa kifaru cha vita, kuanzia vibanda vya simu vya Mwanjelwa hapa Mbeya hadi kwa jamaa mmoja wa Uyole anayetengeneza redio, alinipa jibu lile lile: antena. Kifaru kinasogea kidogo kisha kinasimama, antena. Kinakwenda mbele vizuri lakini kikigeuka kinazima, antena. Mmoja alinishauri nichomoze waya wa shaba wenye urefu wa mkono juu ya mzinga, nami nikamwitikia kwa adabu, nikijua moyoni kwamba jambo hilo silifanyi.

Kifaru chenyewe ni mfano wa Tiger I wa Ujerumani kwa kipimo cha 1 kwa 16, na ukiupima pamoja na mzinga unazidi nusu mita. Nilikikuta Mwanjelwa kwenye lundo la midoli ya mtumba, kikiwa na minyororo yote miwili, mota zake na giaboksi nzima, ila rimoti haikuwepo. Muuzaji alinipunguzia hadi bei ya gari la plastiki, kwa kuwa kitu cha rimoti kisicho na rimoti hakina mnunuzi mwingine isipokuwa mtu wa aina yangu. Bodi ya umeme iliyokuwa ndani ilikuwa ya zamani, ya masafa ya megahezi 27, na kuitafutia rimoti yake ingekuwa kazi ya mwaka mzima, kwa hiyo niling'oa kila kitu nikabakiza mota, spika na taa.

Ubongo mpya ni ESP32, bodi ndogo ya kompyuta isiyofika urefu wa kidole cha shahada, na rimoti ni pedi ya gemu ya PlayStation 4 (PS4) iliyochoka niliyopewa na kijana wa kibanda cha gemu pale Soweto. Maktaba ya programu iitwayo Bluepad32 huiwezesha bodi hiyo kuisoma pedi moja kwa moja kwa Bluetooth, na upande huo haukunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni muuzaji wa Dar es Salaam ambaye, baada ya kupokea fedha ya ESP32 ya kawaida, alipandisha kwenye basi ESP32-C3, na nilipompigia akasema, "Kaka, zote ni familia moja." Ni familia moja kweli, lakini C3 ina Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme tu, na pedi ya PS4 huzungumza kwa Bluetooth ile ya zamani, kwa hiyo hata ungezikalisha bega kwa bega hazisikilizani. Anayeagiza ahakikishe anapata ile ESP32 ya kwanza, isiyo na herufi C wala S baada ya 32.

Sasa nije kwenye uozo wenyewe. Ili bodi iamuru mota, kati yao lazima pawepo kiendeshi, kifaa kinachopokea amri ya bodi na kuzipa mota umeme wa betri, na kila niliyemuuliza alinitajia L298N, kile chekundu chenye bati jeusi la kupoza joto. Faida yake, waliniambia, ni kwamba kina tundu la volti 5 ambalo unaweza kulilishia ubongo, ukaokoa fedha na nafasi. Nikafunga hivyo. Betri zilikuwa seli mbili za lithiamu za aina ya 18650 nilizozitoa kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, zimeungwa mfululizo kupata volti 7.4. Seli ambayo mita ya umeme ilinionyesha iko chini ya volti 2.5 niliiweka kando nisiichaji kabisa, na ninamsihi yeyote anayechokonoa betri hizo afanye hivyo, kwa sababu lithiamu iliyoharibika ikishika moto haizimwi kwa kupulizwa.

Nikakigeuza kifaru mgongo chini, minyororo ikielea hewani. Kikazunguka kama kinavyotakiwa, mbele, nyuma, kushoto, kulia, na mpwa wangu akapiga makofi. Nikakiweka kwenye sakafu ya saruji. Kikaruka mbele urefu wa kalamu, kikazima. Kikatulia kama mtu anayekumbuka jina la mtu, kisha kikakubali pedi tena, kikaruka, kikazima. Juu ya nyasi hakikuondoka kabisa. Hapo ndipo nilipoanza ziara ya mafundi na kukusanya antena.

Jambo lililonikatalia kuamini antena ni kwamba pedi nilikuwa nimeishika juu ya kifaru chenyewe, karibu kukigusa. Mawimbi gani hayo yasiyovuka kiganja? Nilihisi kwamba bodi haipotezi mawasiliano bali inazimia na kuamka upya, ila sikuwa na namna ya kuthibitisha, kwa kuwa nikiichomeka kwenye kompyuta ili nisome ujumbe wake, umeme wa kompyuta unaibeba na ugonjwa haujitokezi. Mita yangu ya bei rahisi nayo ni nzito mno. Volti inaporomoka na kurudi kabla tarakimu hazijabadilika.

Nikabuni hila ambayo mpaka leo naisimulia hata kwa wasioniuliza. Nilirudi kwenye programu nikaongeza amri moja mwanzoni kabisa: bodi ikiamka, kabla ya kufanya lolote, ipepese taa za mbele za kifaru mara tatu. Basi. Kama mawasiliano ndiyo yanakatika, kifaru kitasimama na taa zitatulia; kama bodi inazimia, itabidi ikiri yenyewe kwa taa. Nilikibeba hadi kibandani kwa fundi simu aliyekuwa mkali kuliko wote katika hoja ya antena, nikakiweka chini mlangoni pake na kusukuma pedi. Kikaruka, kikasimama, kisha taa zikapepesa: moja, mbili, tatu. Nikasukuma tena. Moja, mbili, tatu. Fundi akaangalia kwa muda, akasema, "Mwalimu, hizo taa umeziamuru wewe." Nikamjibu kwamba ndiyo, nimeziamuru ziniambie ukweli.

Ukishajua kwamba bodi inazimia, sababu zinajipanga zenyewe. Mota mbili zikianza kwa pamoja chini ya uzito wa kifaru huvuta mkondo mkubwa, na seli za mtumba zinapovutwa hivyo volti yake inainama. Kile kitundu cha volti 5 kwenye L298N kinalishwa na kidhibiti cha aina ya 78M05, ambacho ili kitoe 5 kamili kinahitaji kiingiziwe kama 7 hivi. Betri ikiinama chini ya hapo, 5 haipo tena, na ESP32 ina ulinzi wa ndani unaoiwasha upya volti ikipungua. Juu ya hayo, L298N ni ya teknolojia ya zamani na hujilia karibu volti 2 umeme ukiwa njiani kwenda kwenye mota, ambazo zinaishia kuwa joto kwenye lile bati jeusi, ndiyo maana hata kabla ya kuzima kifaru kilikuwa hakina nguvu za kupanda nyasi.

Ushauri uliofuata ulikuwa nitenge umeme wa ubongo kwa pawabenki. Wazo la kutenga lilikuwa sahihi, kifaa ndicho hakikufaa: pawabenki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo huamini simu imejaa, zikajizima, na ESP32 hula kidogo sana. Nilichofanya ni kuipa bodi seli yake moja ya 18650 na kipandisha volti kiitwacho MT3608, kilichowekwa kwenye volti 5. Kipandishi hicho kirekebishwe kwa mita kabla hakijaunganishwa na chochote, na usikate tamaa ukizungusha skrubu yake bila volti kubadilika, kwa sababu huhitaji mizunguko mingi kinyume cha saa kabla hakijashtuka. Hasi za pande zote mbili lazima ziungane. Ukitenga na hasi pia, amri za bodi hazina maana kwa kiendeshi.

Viendeshi vya minyororo nilibadilisha nikaweka BTS7960 viwili, kimoja kwa kila mota, na upande wao wa amri nikaulisha volti 3.3 za ESP32 yenyewe. Kila mota niliilehemu kapasita ndogo yenye maandishi 104 kati ya miguu yake ili kuzima kelele za umeme. Kwenye programu nguvu inapanda taratibu badala ya kurushwa yote kwa mara moja. L298N sikuitupa, sasa inazungusha kichwa chenye mzinga na kuuinua mzinga, kazi nyepesi inayoiweza.

Gharama zote, ukitoa kifaru na pedi, zilicheza kati ya elfu sabini na laki moja, nauli ya vifurushi ikiwemo na ile C3 isiyo na kazi nikiihesabu kwa uchungu. Asubuhi za Julai, baridi ya Mbeya inapokaza, betri hudumu muda mfupi zaidi, kwa hiyo huzilaza ndani ya nyumba na kukiendesha jua likishatoka.

Nimekishusha mwendo makusudi. Tiger halisi ilikwenda kama kilomita 40 kwa saa barabarani, ukigawa kwa 16 unapata mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na kichwa chake kilihitaji karibu dakika nzima kuzunguka. Mpwa wangu hulalamika, "Mjomba, hiki kizee," lakini kikienda mbio kinafanana na bajaji.

Sauti inatoka kwenye DFPlayer Mini, kifaa kinachosoma MP3 kutoka kadi ya kumbukumbu, na rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya wa amri imeondoa ule mlio wa nzi uliokuwa unaudhi. Mngurumo wenyewe niliurekodi kwa simu Uyole, lori la mizigo la kuelekea Tunduma likiondoka kwa gia ya kwanza. Najua kwamba Tiger ilikuwa na injini ya petroli ya Maybach yenye silinda 12, nalo lori ni la dizeli. Atakayekereka aniletee Maybach niirekodi.