Nipe Tarehe

Daftari lile ninalo mpaka leo. Kila ukurasa niliugawa kwa rula safu nne: ukumbi, anayepanga bendi, siku niliyokwenda, alichosema. Safu ya mwisho imejaa "nitakupigia" karibu yote. Miezi 7 nilizunguka nalo nikitoka kazini, nikiitafutia bendi yetu shoo, maana kati yetu watano mimi peke yangu nilikuwa naachiwa saa kumi jioni. Hao "nitakupigia" walinifundisha kwamba ukumbini haiendwi Ijumaa usiku, msimamizi hana hata nafasi ya kukutazama. Nenda Jumanne mchana, viti vikiwa bado juu ya meza. Na usimwulize mtu wa mlangoni kama wanataka bendi, atasema hapana ili uondoke. Mwulize anayepanga bendi ni nani, kisha umngoje huyo.

Mwanzoni nilibeba rekodi ya nyimbo 6 nzima nzima. Msimamizi mmoja aliifungua mbele yangu, akangoja gitaa la utangulizi limalizike ili asikie mwimbaji. Halikumalizika upesi. Akanirudishia simu. Nikaenda kukata video ya dakika 3, vipande vya jukwaani tu, kila kipande kikianzia kwenye kiitikio, watu wakionekana wanacheza. Video hiyo ndiyo iliyotufikisha kwa wakala.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye bendi kadhaa mkononi. Alitueleza mapema kwamba yeye si meneja: hatatuambia tuvae nini wala turekodi nini. Kazi yake ni kututafutia shoo na kupatana bei, na katika kila shoo atakayoleta, asilimia 15 ni yake. Akaja kutusikiliza siku ya Alhamisi. Mpiga kinanda alikuwa safarini kikazi, tukapiga wanne. Mama alisimama karibu na fundi mitambo, mkoba begani, hakukaa. Wimbo wa nne ulipokwisha nikamwona anatoka. Seti ile niliimaliza vidole vikipiga vyenyewe, moyo haupo.

Asubuhi akanipigia.

"Nyimbo nimezisikia, mwanangu. Mnapiga vizuri. Sasa nipe tarehe."

"Tarehe zipi, mama?"

"Jumamosi zenu zote za miezi 6. Mtu wa harusi akinipigia anataka jibu kabla hajakata simu. Nikimwambia ngoja niwaulize, anampigia mwingine."

Miezi 7 nilikuwa nauza sauti yetu, na mama huyu alikuwa anauliza Jumamosi. Nikamwomba siku 2.

Usiku huo niliwapigia wote. Mwimbaji alikuwa na Jumamosi mbili tu zisizowezekana. Mpiga besi aliahidi kubadilishana zamu na mwenzake. Wa kinanda angejua safari zake mwezi mmoja kabla, tukakubaliana kwamba tunaweza kupiga bila yeye, kama tulivyofanya Alhamisi. Akabaki mpiga dramu. Yeye ni muuguzi, na ratiba ya zamu ilikuwa inabandikwa wiki 2 kabla. Harusi hupangwa miezi kabla. Kwa hesabu hiyo hatukuwa na Jumamosi hata moja tuliyoweza kuiapia.

Mkataba wenyewe haukutusumbua sana. Tulivutana kidogo kama asilimia 15 ikatwe kabla au baada ya nauli na kukodi spika, ikawa kabla. Nililoshikilia mimi ni kumbi chache ambazo tayari zilikuwa zinatuita: ziorodheshwe nyuma ya mkataba, zibaki zetu, asidai chochote huko. Mama aliisoma orodha, akatia saini. Mpaka leo naamini karatasi ile ya nyuma ilikuwa na thamani kuliko kupunguziwa asilimia.

Kilichonilaza macho ni mpiga dramu. Bendi tuliianza wawili, mimi na gitaa lisilo na amplifaya, yeye akipiga mito ya kochi kwa vijiti. Sikutaka alisikie jambo hili kwenye simu. Nikamfuata getini hospitali, saa ya kubadilishana zamu.

"Kwa hiyo mnatafuta mtu," akasema.

"Wa akiba."

"Kwa zamu hizi zangu, wa akiba ndiye atakayepiga."

Sikumbishia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Akanishika bega, akaingia ndani.

Jumatano, siku ya mazoezi, nilimkuta amefika kabla yangu na kijana mmoja aliyekuwa akimfundisha vijiti. Akamkalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa juu ya spika ya besi, pembeni yake. Jumatano tatu mfululizo alimpitisha wimbo kwa wimbo. Alimwandikia kasi ya kila wimbo, mapigo 96, 112, 124 kwa dakika, lakini zaidi alimwambia mambo ambayo hata sisi hatukujua kwamba anayajua: pale mwimbaji anapopenda kuchelewa, pale besi inapotaka kutangulia, na jinsi mimi ninavyoinua shingo ya gitaa kabla ya kufunga wimbo. Nilisimama na gitaa langu nikimsikiliza, koo limenikaba.

Nikampa mama tarehe. Harusi ya kwanza aliyotuletea iliangukia usiku ambao rafiki yangu alikuwa zamu. Tulipomaliza seti ya kwanza, simu ikaita mfukoni.

"Wimbo wa tatu alikimbia?"

"Kidogo."

"Nilijua. Kiitikio kile kinamvuta. Mwambie asimtazame mwimbaji. Atazame mguu wako."

Nikasikia mtu anamwita, "Nesi!" na simu ikakatika.

Nikamfikishia kijana maneno hayo kama yalivyo. Seti ya pili nilihama kutoka mahali pangu pa siku zote, nikasimama mbele ya dramu kwa ubavu, mguu wa kulia pale anapouona, nikahesabu nne.