Posho ya mwalimu na nauli ya mashua: fedha za masomo ya malezi hapa Lamu

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, nilikaa katika daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Langoni pamoja na kina mama kumi na mmoja, wengi wao wakisuka ukili huku wakisikiliza. Mama mmoja kijana alimpa mwanawe wa miezi kumi chupa tupu ya maji iliyotiwa kauri na kukazwa kizibo. Mtoto aliitikisa, akanyamaza, akamtazama mamake usoni, naye mama akamjibu kwa kuuiga ule mlio kwa mdomo, wakaendelea hivyo mara nne au tano. Mwalimu wetu wa malezi hakusema neno mpaka walipomaliza, kisha akawauliza wengine wameona nini. Somo la siku ile lilikuwa hilo tu, na vifaa vyake havikununuliwa.

Gharama iko kwa mwalimu mwenyewe. Alikuwa ametoka Matondoni kwa nauli yake, akaacha mkeka ambao mteja alikuwa akiusubiri, na kazi hiyo ameifanya bila malipo tangu mradi uliomfunza ulipofungwa. Mradi ule ulidumu miezi 18. Ulizinduliwa kwa mahema, fulana na vitabu vya rangi, na ulipomalizika vikundi ndipo vilikuwa vimeanza kuzoeana. Posho za walimu zikakatika mwezi ule ule, na katika vikundi sita nilivyovijua mimi kimebaki hiki kimoja. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu fedha zilikuwapo, lakini nyingi zilimwagwa mwanzoni, hakikuwekwa cha kumlipa mtu wa kurudi kwa familia zile zile wiki baada ya wiki.

Kurudi huko ndiko kunakoleta faida. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa, wa familia maskini, waliingizwa katika utafiti ulioongozwa na Sally Grantham-McGregor. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa mtaani, ambao waliwaonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto wao kwa kutumia vitu vilivyotengenezwa kutokana na mabaki ya nyumbani. Watoto hao walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, mapato yao yalionekana kuwazidi kwa takriban asilimia 25 wenzao waliodumaa pia lakini hawakupata ziara zile za michezo. Kila nikiisoma habari hiyo huikumbuka chupa ya kauri ya Langoni.

Wako wanaoniambia kwamba kulea hakufundishwi, na kwamba bibi zetu hawakwenda darasani. Mimi naona bibi zetu walikuwa na darasa lao. Mzazi wa mimba ya kwanza alikaa arobaini yake akiangaliwa na mamake, na bibi yake, na somo wake, yaani kungwi wa kumfunza, na somo hakuondoka mikono mitupu. Alitunzwa leso na chakula, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba ameziacha shughuli zake. Leo ziko familia Wiyoni na Kashmir zilizohamia kutoka visiwa vingine au bara, zinazoishi chumba cha kupanga, ambako mama hana bibi wala somo wa karibu, na baba yuko baharini. Mwalimu wa malezi anaijaza nafasi hiyo, basi naye atunzwe.

Atunzwe na nani? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti elimu ya awali na vituo vya kulea watoto. Tena njia ya kuwalipa watu wa mtaani imeshafunguliwa: wahudumu wa afya ya jamii waliotawazwa nchini kote mwaka 2023 waliwekewa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ninachokiomba ni fungu dogo la namna hiyo kwa walimu wa malezi, pamoja na nauli ya mashua kwa wanaokwenda Pate, Siyu na Kizingitini, maana bila nauli hiyo miji hiyo ya kisiwa cha Pate itaendelea kusomwa katika ripoti tu.

Fungu hilo haliwezi kuombwa siku ya mwisho. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sisi huwa tunajitokeza katika vikao vya maoni wakati hesabu zimeshapangwa. Isitoshe, mwaka wa fedha huanza Julai 1, katikati ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari ikiwa imechafuka na wavuvi wadogo wamevuta vyombo pwani. Huo ndio wakati ambapo nyumba hazina kitu, mama hawezi kuiacha sinia yake ya mahamri hata kwa saa moja, na fedha za serikali hazijafika. Kwa hiyo akiba ya miezi ya kusi, ya uji wa watoto na chai ya mama zao, lazima iwekwe kabla. Ingawa, kwa upande mwingine, kusi ndiyo hutuletea kina baba: wako nyumbani, na kikao chao cha baada ya Isha hujaa.

Kwa akiba hiyo naifikiria wakfu. Mji huu umejengewa misikiti na visima kwa wakfu, na sioni kwa nini chumba kimoja cha biashara kisiwekwe wakfu ili kodi yake ilipe masomo ya wazazi. Nimelizungumza jambo hili na wazee wawili wa mtaa wetu, na wameniomba niliandike kwa urefu, na hesabu yake, kabla ya mwisho wa mwezi.

Kikao kijacho ni Jumamosi, daka lile lile. Nauli ya mwalimu ya wiki hiyo tumeshaichanga. Ya wiki itakayofuata bado.